Nimebadili nguo za kupandia vespa, na mume wangu hajui kwa nini

Assalamu alaykum mama,

Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka sita. Naishi Fuoni, kazi yangu ni ya ofisini, Vuga. Jina langu naomba usilitaje.

Mwaka jana zamu yangu ya upatu ilipofika nilizichukua zile pesa, nikaongeza na akiba yangu, nikanunua vespa iliyotumika. Si Vespa ya Kitaliano, ni hizi za kisasa zinazotoka Asia, lakini wewe unajua kwetu Unguja zote ni vespa. Kabla ya hapo nilikuwa natoka alfajiri kugombania daladala na bado nachelewa. Sasa natoka saa moja kasorobo, namshusha mwanangu skuli, anasimama mbele yangu pale pa kuwekea miguu, na saa moja na nusu niko mezani pangu. Jioni napita sokoni Mwanakwerekwe, nanunua samaki na mboga, kabla ya Maghrib niko jikoni. Mama, sijawahi kumiliki kitu kilichonipa raha kama hiki.

Mume wangu hakukataa, ila siku nilipoileta alinambia neno moja: "Siku utakayoanguka ndiyo siku ya mwisho." Nilicheka. Nilidhani utani.

Mimi ni mtu wa kupenda kupendeza, sifichi. Mabuibui yangu nanunua kitambaa nashonesha, ya wazi mbele, mikono mipana, nakshi kwenye ukingo. Ofisini wananijua kwa hilo. Na hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa napanda vespa: buibui, mtandio wa kujizungusha na pini zake, helmeti juu, ndara za kisigino kifupi.

Miezi minne iliyopita, jioni, nilikuwa natoka kazini peke yangu, nimelipita soko la Mwanakwerekwe kidogo tu. Upepo ulikuwa unavuma. Sikuwa na mwendo. Mbele yangu gari lilikuwa linakata kona nami nimeshapunguza. Nikasikia navutwa begani kama mtu amenidaka kwa nyuma. Upande mmoja wa buibui ulikuwa umepeperuka ukaingia kwenye tairi la nyuma. Kabla sijajua kimetokea nini, niko chini, vespa imenilalia mguu. Viganja vyote viwili vilichubuka, goti likatoka damu, helmeti ikagonga lami ikatoa mlio. Buibui limechanika mpaka kiunoni, kipande chake kimejisokota kwenye ekseli. Ndani nilivaa sketi fupi na taiti. Nimekaa njiani hivyo, wanaume wamesimama wananitazama, mmoja ameshatoa simu.

Mama mmoja anayeuza urojo pale kando aliiacha meza yake akaja mbio, akavua khanga aliyojitanda akanifunga kiunoni. Hakuniuliza chochote. Aliwafukuza wale watu kwa mdomo wake, akanikalisha kwenye benchi, akanipa maji. Khanga ile ninayo mpaka leo. Nimeifua, nimeipiga pasi, imekunjwa kabatini. Sijapata moyo wa kupita pale. Nazunguka njia nyingine.

Nyumbani nilisema buibui limenaswa na msumari wa geti la ofisi, na viganja nimejikwaa ngazini. Nililikumbuka lile neno lake, nikaogopa.

Tangu siku hiyo sikuvaa tena buibui kwenye vespa. Nilikwenda Darajani kwenye mitumba nikanunua jaketi jeusi la ngozi, jinzi mbili za kubana, na buti. Ofisini nabadilisha chooni. Helmeti ni ile ile, imechubuka kidogo tu, nzima. Nilijiona niko salama, na kwenye kioo, mama, nilijipenda.

Mume wangu siku ya kwanza alinitazama kutoka chini mpaka juu akasema, "Mimi sikuoa kijana wa bodaboda." Sasa hasemi, ananuna tu. Wiki iliyopita ameanza kuniuliza ofisini kwetu kuna nani na nani. Mama mkwe amesema mbele ya mawifi kwamba mke wa mwanawe ameanza uhuni. Mama yangu mzazi analia, anasema bora nirudi kwenye daladala kuliko kusemwa.

Naona nimebaki na mambo matatu: nirudi kwenye buibui nimtegemee Mungu, niuze vespa, au nizibe masikio. Kila moja linaniuma. Nisaidie.

Mwenye Khanga ya Watu, Unguja

*

Wa alaykum salaam mwanangu,

Pole sana. Pole ya goti na viganja, na pole zaidi ya dakika zile ulizokaa chini njiani unatazamwa. Kabla ya kazi hii ya unasihi nilikuwa muuguzi, na vespa nimeipanda miaka 14, kwa hiyo raha uliyoieleza naijua na kidonda cha lami nakijua. Nimekaa usiku na kina dada kama wewe nikiwasugua viganja kwa brashi, natoa vijiwe kimoja kimoja, kwa sababu vikiachwa ngozi huvifunikia ndani na alama ya rangi ya wino hubaki. Kiganja ndicho kinachotangulia. Mtu akianguka hunyoosha mkono, hata awe hodari vipi.

Nakurudishia kisa chako kama nilivyokielewa, unisahihishe nikikosea. Uliangushwa na nguo. Ukabadili nguo. Watu wako wakaziona nguo mpya, sababu hawakuiona, na kila mmoja akajitungia yake. Mkweo ametunga uhuni. Mama yako anaiona aibu tu. Mumeo, kwa hayo maswali yake ya nani na nani, nahisi ametunga mtu. Wewe unawaona wote wanagombana na suruali, na mimi hapo sina hakika. Mke aliyekuwa akitoka nyumbani na buibui la nakshi, ghafla anatoka na jinzi ya kubana na jaketi, halafu anabadilisha tena huko huko kazini, na hakuna neno lililosemwa. Ungekuwa wewe ndiye mume, ungewaza nini?

Nitalirudia hilo. Niache kwanza niseme na wewe habari ya nguo zenyewe, maana hapo nina jambo gumu kukwambia: zile nguo zilizokuletea maneno yote haya hazikulindi kama unavyodhani.

Leo usiku lichukue hilo jaketi, ligeuze, tafuta mahali penye ukingo uliokatwa, kwenye mshono wa mfuko kwa mfano. Ngozi ya kweli upande wa nyuma ina nyuzinyuzi laini, kama manyoya mafupi mno. Ukiona kitambaa chembamba kilichopakwa kitu kama plastiki, hiyo ni ngozi bandia, na yale majaketi ya mitumba yanayong'aa mengi ni hivyo. Kwenye lami hiyo hupasuka mara moja. Jinzi ya kubana yenye kuvutika nayo ni nyembamba, na gotini haina kitu cha kupokea kishindo. Wenzetu wa Ulaya wana kiwango cha nguo za pikipiki kinachoitwa EN 17092, kinachozipanga kwa madaraja: AAA ndiyo ya juu, kisha AA, kisha A. Sikutumi ukazitafute. Bei yake kubwa, na kwenye joto la kaskazi nguo nzito utaivua siku ya pili. Nakutajia ili uone kwamba umelipa gharama ya maneno ya watu kwa nguo ambazo, ukianguka tena, zitakupa kinga ndogo tu. Lakini buti, hizo usiziache. Kifundo cha mguu kilichofunikwa ni neema, na ndara haikuwa kiatu cha kupandia. Na huko Darajani, ukiwa na subira, mara moja moja huangukia jaketi la pikipiki la kweli: utalijua kwa vifuko vya ndani kwenye mabega na viwiko, na vipande vya kinga vilivyopigwa chapa EN 1621-1.

Helmeti yako inanitia khofu zaidi ya jaketi. Umeandika iligonga lami, imechubuka kidogo, nzima. Mwanangu, kinachokuokoa kwenye helmeti si lile ganda la nje. Ni povu gumu la ndani, na kazi yake ni kubonyea ili ubongo usibonyee. Likishabonyea halirudi, na kwa nje huoni chochote. Ile ilishafanya kazi yake siku ile. Sasa imebaki kofia. Ukiwa na shilingi za kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nakuomba ziende hapo. Cochrane, taasisi inayokusanya tafiti za tiba na kuzipima, ilionesha kwamba kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tafuta yenye alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba, kwenye lebo iliyoshonwa katika mkanda wa kidevu. Itoshee mashavu yako mpaka ukitafuna yabanwe kidogo.

Sasa uivae pamoja na mtandio wako, uniambie kimetokea nini. Mtandio wa kujizungusha huacha fundo au mkunjo kisogoni, na helmeti hukaa juu yake badala ya kukaa juu ya kichwa. Mkanda nao hupita juu ya kitambaa chenye kuteleza. Jipime hivi: ifunge, kisha mwambie mtu asimame nyuma yako, aishike helmeti chini kisogoni, aisukume kuelekea mbele. Ikivuka, barabarani itavuka. Na pini! Pini ya kichwani chini ya helmeti ni sindano inayongoja kishindo. Nimewahi kuitoa pini ya aina hiyo kwenye ngozi ya kichwa cha msichana wa watu. Mimi nilikuwa navaa kofia ya ndani ya pamba, laini, iliyofunika nywele na shingo bila pini hata moja, mkanda naufunga chini ya kidevu ukigusa kitambaa hicho chembamba tu. Mtandio mzuri naukunja kwenye mkoba, nauvaa nikifika. Dakika tatu mbele ya kioo.

Tuje kwenye buibui, maana umelihukumu lote kwa kosa la upande mmoja. Lililokuangusha ni uwazi wa mbele na ule upana unaopeperuka. Kitambaa kinachopepea karibu na gurudumu hakichagui dini wala nchi. Mwaka 1927, huko Nice, Ufaransa, mcheza dansi maarufu Isadora Duncan alikufa kwa sababu mtandio wake mrefu wa hariri ulijizungusha kwenye gurudumu la gari la wazi alilopanda. India, ambako wanawake hukaa nyuma ya pikipiki wamevaa sari, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kinga ya kufunika angalau nusu ya tairi la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe. Ndiyo maana pikipiki kadhaa za Kihindi utaziona na wavu wa chuma ubavuni, na wengi wetu hatujui wa nini. Wenzetu hawakuwaambia wanawake waache sari, walilifunika gurudumu. Fundi wa kuchomea vyuma anaweza kukutengenezea kitu kama hicho upande ule tairi lako lilipo wazi, ilimradi kisiguse ekzosi. Na Marrakech, Moroko, wanawake wa rika zote wanakatiza mji na pikipiki ndogo wakiwa na jalabia na mitandio yao. Iko njia ya kuvaa nguo ndefu ukapanda.

Mimi langu nilishonesha. Limefungwa mbele kote, mikono imebana kwenye kifundo cha mkono kwa kifungo, upana wa chini umepunguzwa, na ubavuni pana mpasuo mpaka gotini unaofungwa kwa vifungo vya kubonyeza. Vifungo hivyo vina siri yake: nguo ikivutwa kwa nguvu vinaachia vyenyewe, badala ya kukuvuta wewe. Ndani nilivaa suruali pana ya kitambaa kizito, miguuni imefungwa. Na huko ndani, mwanangu, chini ya suruali, nilifunga kinga za magoti, zile ngumu zenye mikanda. Hakuna aliyeziona miaka yote. Jinzi ya kubana haiwezi kuficha kitu, buibui linaficha. Lile vazi uliloliacha kwa khofu ndilo lenye nafasi ya kukuhifadhia silaha zako.

Lina hatari zake pia, sikufichi. Vitambaa vya mabuibui kama nida na krepe vingi ni poliesta. Kikisuguana na lami kitambaa hicho hupata moto, hulainika, hunata kwenye kidonda, na kukibandua ni kilio. Kwa hiyo usiache kigusane na ngozi: pawe na pamba nzito au jinzi baina yake na mguu. Fundi akipunguza upana kupita kiasi utashindwa kushusha mguu kwa haraka unaposimama. Mwite fundi nyumbani, kaa juu ya vespa, shusha miguu yote miwili, simama, kaa tena, ndipo apige pini. Anayekupima umesimama wima dukani atakushonea nguo ya kusimama wima.

Ukiona buibui la kupandia si lako, kuna juba fupi la kufika gotini juu ya suruali pana, ambalo baadhi ya familia zinalipokea vizuri na nyingine haziliridhii. Ukiona ubaki na jaketi na jinzi, basi jinzi iwe nzito na ya kujimwaga kidogo, kinga za magoti zipate pahala, na jambo la kubadilisha nguo kazini mumeo alijue kutoka kinywani mwako. Kama moyo wako una dukuduku la kidini juu ya suruali, mwendee sheikh au ustadhati unayemwamini uwe na nguo yenyewe mkononi, umwoneshe na umweleze imetokea nini, kuliko kuuliza juu juu. Mimi si mtu wa kutoa fatwa.

Glovu hujazitaja kabisa, na viganja ndivyo vilivyochubuka. Zipo nyepesi zenye matundu ya hewa na kiganja cha ngozi.

Na kupendeza, usidhani nimekusahau. Nilifurahi uliposema ulijipenda kwenye kioo. Wewe ni mtu wa nakshi: kuna utepe wa fedha unaorudisha mwanga wa taa za gari, unauzwa kwa mita, mafundi wa makoti ya rifleta wanaujua. Mwambie fundi wako aupitishe kwenye ukingo wa mkono na mgongoni, mstari mwembamba mahali pa nakshi ya kawaida. Mchana utaonekana urembo wa kijivu, usiku gari litakuona kutoka mbali. Utafiti mmoja uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta wapanda pikipiki waliovaa nguo za kung'aa au za kurudisha mwanga walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 37 ya kupata ajali ya kuwaumiza, na wenye helmeti nyeupe asilimia 24 pungufu kuliko wenye nyeusi. Buibui jeusi, helmeti nyeusi, jioni inaingia: hebu jione kwa macho ya dereva wa daladala. Helmeti mpya iwe nyeupe, au rangi ya maziwa ukipenda, inakwenda na kila kitu.

Kuna sentensi moja tu uliyoandika juu ya mwanao. Anasimama mbele yako. Nilisimama hapo nikaweka barua chini. Sikulaumu, wangu nilimbeba hivyo hivyo mpaka siku nilipofunga breki kwa ajili ya mbuzi na akagonga mdomo kwenye usukani, meno mawili. Mtoto aliyesimama pale ndiye wa kwanza kugonga, na wewe unamwangukia kwa nyuma. Helmeti hukuitaja, kwa hiyo nadhani hana. Ya mtu mzima haitamfaa, itazunguka kichwani. Zipo za saizi yake. Kama miguu yake bado haifiki pa kukanyagia akikaa nyuma, pengine kipo kikundi cha watoto wa jirani wanaokwenda skuli kwa miguu pamoja na mtu mzima, hata kama asubuhi yako itakuwa ndefu zaidi. Lifikirie hili kabla ya jaketi na kabla ya buibui.

Sasa mumeo.

Umenificha sababu moja, au labda umejificha mwenyewe: unaogopa kupoteza vespa kuliko unavyoogopa kununiwa. Naielewa khofu hiyo. Ni chombo chako, cha pesa zako, na alishakwambia neno la mwisho kabla hujaanza. Lakini litazame lile neno lake tena. "Siku utakayoanguka ndiyo siku ya mwisho." Wewe umelisikia kama amri. Huenda lilikuwa amri. Huenda pia ni mtu anayeogopa na hana namna nyingine ya kusema naogopa. Wanaume wetu wengi wamefundishwa amri kabla ya kufundishwa kusema khofu. Wewe umeishi naye, unaijua sauti yake. Mimi naisoma kwenye karatasi tu.

Kumwambia kuna hatari. Anaweza kukasirika kwa ajali, na akakasirika zaidi kwa uongo wa msumari. Anaweza kusema uza leo. Kabla hujafungua mdomo jua utamjibu nini akisema hivyo, na kama kuna mtu anayemheshimu, kaka yake au shangazi yake, ambaye angeweza kukaa nanyi. Kutomwambia nako kuna hatari yake, na hiyo naona hujaipima. Umeandika mwenyewe kwamba mmoja alitoa simu. Unguja ni ndogo, mwanangu. Ile picha, kama ilipigwa, imeshazunguka miezi minne. Sisemi ameiona. Ila yale maswali ya ofisini kuna nani yameanza wiki iliyopita, na kununa kumezidi. Huenda hajui kitu. Huenda amesikia nusu na anangoja umwambie nusu iliyobaki.

Ukiamua kusema, usianze na suruali wala mama yake. Kama kile kipande cha buibui bado unacho, kiweke mezani, na helmeti iliyochubuka pembeni yake, umwoneshe ilipogonga. Mwoneshe kiganja. Halafu mwambie ulichokwisha kukifanya: helmeti mpya, glovu, ya mtoto, fundi. Mtu akioneshwa khofu peke yake hujibu kwa khofu. Akioneshwa na mpango ana kitu cha kushika. Unaweza hata kumpa kazi: amtafute fundi wa ule wavu wa tairi, au awe ndiye anayeishika helmeti kwa nyuma na kuisukuma. Mkweo na mama yako, nadhani, watapoa kwa kumfuata yeye, ingawa kwa mawifi sikuahidi kitu.

Na ukiona wakati wa kumwambia bado haujafika, au unajua akikasirika anakwenda mbali kuliko maneno, usijilazimishe kwa sababu mimi nimeandika. Niandikie tena, hata mistari miwili.

Kuna safari moja ndogo ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Yule mama wa urojo hakuona suruali wala buibui siku ile, alimwona mwenzake yuko chini. Miezi minne unazunguka njia nyingine ili usipite mbele yake, na khanga imekunjwa. Ipeleke. Ukiweza, nunua bakuli moja la urojo, kaa kwenye lile benchi ule mpaka uishe, utazame mahali ulipoangukia mchana kweupe watu wakipita na shughuli zao. Khanga huuzwa pea, kwa hiyo ukimwongezea mpya mpe doti nzima. Kisha niandikie ulikwenda umevaa nini, na yeye alisema nini alipokuona.

Mama yako wa safu hii